Faili yakataa jina: maswali yenu ya Windows, Mac, Linux na simu

Kitufe chenyewe cha kubadilisha jina la faili hakihitaji makala. Kwenye Windows, na kwenye Linux nyingi, chagua faili ubonyeze F2. Kwenye laptopu ambazo F2 hupunguza mwanga wa skrini, shika Fn na F2 pamoja. Kwenye Mac bonyeza Return, kitufe ambacho mtu wa Windows amezoea kufungulia faili. Mac hufungua kwa Command+O. Ukikosea, Ctrl+Z, au Command+Z kwa Mac, na jina la zamani larudi. Maswali mliyoleta yote yaanzia pale F2 inapogoma.

Ankara zetu zina namba kama INV/2025/031 nami nataka faili iwe na namba hiyohiyo. Windows yakataa mkwaju (/), lakini mwenzangu mwenye Mac yamkubalia. Mbona? (Karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Shimanzi)

Windows hukataa alama tisa katika jina: \ / : * ? " < > na |. Kila moja ina kazi yake tayari. Mikwaju hutenganisha folda na folda, nukta mbili hufuata herufi ya diski kama C:, nyota na alama ya kuuliza hutumika kutafuta faili nyingi kwa mkupuo, na zilizobaki ni za dirisha la amri.

Mac ya mwenzako haijamkubalia kwa moyo mmoja. Finder, programu ya Mac ya kuonyesha faili, humwonyesha mkwaju, lakini chini kwa chini jina limewekwa kwa nukta mbili: INV:2025:031. Siku faili hiyo itakapohitajika kwenye kompyuta ya Windows, hizo nukta mbili nazo ni alama iliyokatazwa. Ama kunakili kutakwama, ama faili itafika na jina jingine ambalo hamtalitambua. Andikeni INV-2025-031.pdf, nyote wawili, na mwenye Mac naye asijione ameruhusiwa.

Kwa kazi yenu kuna mitego mingine mitatu. Wa kwanza ni kufupisha kontena kuwa CON. Folda ukiiita hivyo, Windows itasema jina la kifaa si sahihi, kwa sababu CON, PRN, AUX, NUL, COM1 hadi COM9 na LPT1 hadi LPT9 ni majina yaliyowekwa wakfu tangu enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, kompyuta ilipokuwa ikiita skrini, printa na nyaya zake kwa majina hayo. Andika KONT. Wa pili ni nukta ya mwisho: folda ya mteja ukiiita "Fulani & Sons Ltd.", Windows huifuta nukta hiyo kimyakimya. Folda kama hiyo ikitoka kwenye Linux na nukta yake, huenda Windows ikashindwa hata kuifungua.

Wa tatu ndio unaosumbua ofisi zaidi, nao ni urefu. Programu nyingi za Windows bado huhesabu herufi 260 kwa njia nzima, kuanzia C: hadi mwisho wa jina la faili, folda zote za katikati zikiwemo. Folda ya mteja, ndani yake mwaka, ndani yake meli, ndani yake jina kamili la mzigo kama lilivyo kwenye hati, zafika 260 upesi. Dalili yake ni faili inayoonekana lakini haifunguki wala haihamishiki. Fupisha jina la folda ya juu kabisa kwanza, kwa kuwa hiyo huzipunguzia urefu faili zote zilizo ndani yake.

Nina picha 1,200 za harusi kutoka kamera mbili, zote zaanza na IMG_0001. Nikizitia folda moja zagongana. Nizipe majina upya vipi bila kukesha? (Studio ya picha, Majengo)

Usizichanganye kwanza. Kila kamera na folda yake, kisha angalia saa za kamera. Moja ikiwa nyuma kwa dakika ishirini, ukipanga kwa wakati bwana harusi atakuwa ameshaondoka kwenye nikahi kabla hajafika. Hilo jina jipya halilitibu. Saa hurekebishwa kabla ya kazi.

Kwenye Windows, ndani ya folda ya kamera ya kwanza, panga kwa Date taken, bofya picha ya kwanza, bonyeza Ctrl+A, halafu F2, andika Nikahi-A, kisha Enter. Zitatoka Nikahi-A (1), Nikahi-A (2), na kuendelea. Folda ya pili ifanyie vivyo hivyo kwa herufi B, na hapo ndipo unaweza kuziunganisha.

Njia hiyo ni ya haraka lakini ina kilema: haiweki sifuri mbele. Windows yenyewe huzipanga 1, 2, 3, ila televisheni ya mteja au mtambo wa kuchapisha waweza kuzipanga 1, 10, 100, 1000, 2. Kwa hiyo kwa kazi ya kulipwa mimi ningetumia PowerRename, iliyo ndani ya PowerToys, programu za bure za Microsoft. Chagua picha zote, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua PowerRename, kwenye kisanduku cha kutafuta andika IMG_ na kwenye cha kubadilisha andika Nikahi-A-. Utaona orodha ya majina ya zamani na mapya kabla hujabonyeza Apply. Faida nyingine: faili ya RAW (picha ghafi ya kamera) na JPG ya pozi moja hubaki na namba moja, kwa sababu unabadilisha mwanzo wa jina tu.

Kwenye Mac huhitaji programu ya ziada. Chagua zote, bofya kulia, chagua Rename, kisha Format. Hapo chagua Name and Counter, ambayo hutoa 00001, 00002. Ile ya Name and Index hutoa 1, 2 bila sifuri.

Kama mwatumia Lightroom, programu ya kupanga na kuhariri picha, badilisheni majina kabla ya kuziingiza, au mfanyie humohumo ndani. Mkizibadilisha nje, orodha ya Lightroom hubaki ikitafuta faili zenye majina ya zamani na kuwaambia picha zimepotea, ilhali zipo palepale.

Nimegeuza notisi.docx kuwa notisi.pdf kwa kubadilisha jina. Sasa haifunguki. (Mwalimu, Likoni)

Mwalimu, mkia ulio baada ya nukta huiambia kompyuta ni programu gani ifungue faili. Haugeuzi kilichomo. Ni sawa na kubandika karatasi ya "sukari" kwenye mkebe wa chumvi. Rudisha .docx, notisi yako iko salama, kisha ndani ya Word chagua File, Save As, na kwenye aina ya faili chagua PDF. Kugeuza .jpeg kuwa .jpg hakuna neno, kwani hizo ni kitu kimoja kwa majina mawili.

Kama mikia huioni, Windows 11 imeificha: fungua folda, View, Show, kisha File name extensions. Iwashe na uiache hivyo. Faili iitwayo picha.jpg.exe, mkia ukiwa umefichwa, huonekana picha.jpg tu, na hiyo si picha bali programu, aghalabu ya shari.

Tovuti niliyotengeneza kwa ajili ya mradi wa chuo yafanya kazi vizuri kwenye laptopu ya Windows. Nimeipandisha kwenye seva, nusu ya picha hazionekani. Faili zote zipo, nimezihesabu. (Mwanafunzi, Tudor)

Linganisha herufi kubwa na ndogo. Dau letu: ukurasa waita picha/fort-jesus.jpg, na faili yenyewe yaitwa Fort-Jesus.JPG. Kwa Windows, na kwa Mac kama ilivyotoka kiwandani, hayo ni majina ya faili moja. Kwa Linux, ambayo ndiyo huendesha seva nyingi, hayo ni majina ya faili mbili tofauti, na mojawapo haipo. Kamera na simu hupenda kuandika .JPG kwa herufi kubwa, ndiyo sababu ni nusu ya picha tu zinazokosekana. Nafasi kati ya maneno nayo huleta matatizo, kwani kwenye anwani hugeuka kuwa %20.

Dawa ni kufanya majina yote kuwa herufi ndogo, na kistari badala ya nafasi. Kama una Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, weka programu kwa sudo apt install rename, ingia kwenye folda ya picha, kisha andika:

rename -n 's/ /-/g, y/A-Z/a-z/' *

Hiyo -n hufanya amri ionyeshe tu itakachofanya. Ukiridhika, rudia bila -n. Fedora, aina nyingine ya Linux, ina amri yenye jina hilohilo rename lakini huandikwa kwa namna nyingine kabisa, kwa hiyo usiinakili huko. Ukibadilisha faili mojamoja kwa amri ya mv, tumia mv -i, maana mv tupu ikikuta faili nyingine yenye jina unalotaka huiandika juu yake bila kuuliza, na hapo Ctrl+Z haikusaidii.

Kama mradi uko kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi, kubadilisha herufi kubwa kuwa ndogo kwa F2 kwenye Windows mara nyingi hakuonekani na Git. Andika git mv Fort-Jesus.JPG fort-jesus.jpg, kisha ndio upandishe.

Nimeweka nyimbo 60 kwenye flashi na kuzipa namba 1 hadi 60, lakini redio ya gari yazipiga ovyo. (Dereva wa matatu, Bamburi)

Kwanza namba: andika 01, 02, 03. Lakini redio nyingi za gari hazisomi jina, hufuata mpangilio ambao nyimbo ziliingia kwenye flashi. Kwa hiyo kubadilisha jina la wimbo uliokwisha kuwa ndani hakubadilishi zamu yake. Hamisha nyimbo zote ziende kwenye kompyuta, hakikisha zimefika, fomati flashi kwa FAT32, zipange kwa jina, kisha zirudishe. Ukitaka uhakika zaidi, nakili mojamoja kuanzia 01.

Na kama skrini ya redio bado yaonyesha jina la zamani, hilo si jina la faili. Ni jina lililoandikwa ndani ya MP3. Bofya kulia wimbo, Properties, Details, badilisha Title.

Laptopu ya mtumba niliyonunua ina folda yenye jina la mwenyewe wa zamani ndani ya C:\Users. Naweza kuibadilisha? (Mwembe Tayari)

Usiiguse kwa F2. Windows na programu zake zimeandika njia ya folda hiyo mahali pengi, na ukiibadilisha kwa nguvu waweza kuingia ukakuta dawati tupu kana kwamba umeanza upya. Kubadilisha jina la akaunti kwenye Settings nako hakubadilishi folda. Fungua akaunti mpya: Settings, Accounts, Other users, ipe mamlaka ya msimamizi, ingia nayo, hamishia faili zako, kisha ufute ile ya zamani. Kwa mashine ya mtumba, tungependelea uende mbali zaidi: weka nakala ya vitu vyako, kisha Reset this PC kwa Remove everything. Hujui mwenye nayo aliacha nini humo.

Kwenye simu je? (Kisauni)

Kwenye Android, programu ya Files by Google: gusa nukta tatu kando ya faili, kisha Rename. Kwenye iPhone, fungua Files, shikilia faili, chagua Rename. Acha folda za DCIM (za picha za kamera) na za WhatsApp zilivyo. Ukizibadilisha jina, programu itajiundia mpya na picha zako zitakaa sehemu mbili. Na usianze jina la folda kwa nukta, isipokuwa umekusudia kuificha. Kama umeshafanya hivyo na picha zimetoweka, nenda kwenye mipangilio ya Files, washa kuonyesha faili zilizofichwa, uondoe hiyo nukta.