Kinywa na Meno: Msikimbilie kung'oa, na gundi iacheni kwenye viatu

*Niling'olewa meno manne ya juu wiki mbili zilizopita. Mbona daktari ananizungusha, hataki kunipima meno ya bandia? (Mama, Kizota)*

Hakuzungushi, mama. Fizi hupona mapema, lakini mfupa uliokuwa umeshika mizizi huendelea kupungua kwa miezi kadhaa. Ukipimwa leo, meno yatafuata umbo la leo, na baada ya muda yatapwaya. Yapo ya kuvalishwa siku ileile ya kung'oa, na kwa mwalimu anayesimama mbele ya darasa ni msaada mkubwa, ila lazima yarekebishwe baadaye.

Sasa nami nikuulize: yote manne yalikuwa hayazibiki? Kila wiki napata barua za watu waliomwambia daktari "ng'oa tu" kwa kuwa kutibu mzizi kulihitaji kurudi mara mbili au tatu. Jino lako lililotibiwa mzizi na kuzibwa vizuri linatafuna kuliko la kuvaa na kuvua.

*Nilale na meno ya bandia? (Chamwino)*

Hapana. Yavue, yasugue kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, yalaze kwenye maji baridi. Maji ya moto huyapinda.

*Bei gani? (wasomaji wengi)*

Nimeshasema: siwezi kutaja bei ya kinywa nisichokiona. Jino moja na meno yote ya taya si kazi moja. Nendeni mkaangaliwe kwanza.

*Kuna fundi mnadani anaweka jino palepale, halitoki tena. Ni salama? (Kongwa)*

Hapana, na nakuomba usimpe kinywa chako. Huyo hulibandika jino kwa gundi au kulifunga kwenye meno ya jirani, mara nyingine juu ya mzizi uliooza. Chakula hunasa chini, brashi haifiki, usaha unajikusanya, na meno mazima yaliyobebeshwa mzigo yanaanza kulegea. Nimepokea watu waliokwenda kuweka jino moja wakaishia kupoteza matatu. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na ya Benjamin Mkapa, zote za hapa Dodoma, zinatibu meno. Anzeni huko.

*Nikiwa mchanga nilikwanguliwa "meno ya plastiki". Chonge moja ya chini haijaota hadi leo, nina miaka 22. Niweke la bandia? (Manyoni)*

Piga picha ya eksirei kwanza. Huenda chonge imejificha ndani ya mfupa, huenda iliharibiwa siku ile; matibabu yake ni tofauti.

Na wazazi mnisikie: meno ya plastiki si ugonjwa. Kile cheupe kinachoonekana kwenye ufizi ni chonge ya utoto inayojiandaa kuota. Mtoto anayeharisha na kuchemka apelekwe kituo cha afya akapimwe malaria na apewe maji ya chumvichumvi. Kumkwangua kwa spoku ya baiskeli kunamwachia jeraha, na wapo waliofariki.

*Shikamoo daktari. Meno yangu ya bandia ya chini yanacheza nikila karanga. Niyakwangue kidogo kwa kisu? (Babu, Mpwapwa)*

Marahaba, ila kwa umri wako mimi ndiye wa kukuamkia. Usiguse kisu, babu. Taya limepungua, meno hayajakua. Yapeleke yaongezwe kitako kipya upande wa ndani. Mara nyingi hutahitaji mengine. Kwa sasa kula ugali wa uwele kwa mlenda, tafuna pande zote mbili kwa pamoja, na karanga zitwangwe.