Mwalimu, Usiukalie Ufunguo wa Maktaba

Juzi usiku nimepokea ujumbe wa mwalimu kijana, ajira mpya. Ameandika: "Shikamoo mwalimu. Mkuu wa shule amenikabidhi maktaba. Sijasomea ukutubi, mimi ni wa Jiografia. Nimeambiwa kikipotea kitabu hata kimoja nakatwa mshahara. Naanzia wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Maneno hayo ya mshahara nami niliambiwa, mwaka 2011, siku niliyokabidhiwa ufunguo kwenye shule moja ya kata mkoani Singida. Ni katika zile shule zilizojengwa kwa wingi baada ya mpango wa elimu ya sekondari wa mwaka 2004: madarasa yapo, maabara imeishia kwenye msingi, na maktaba ni chumba cha mwisho kinachowekwa majembe, jezi za mpira na vitabu.

Mwaka mzima wa kwanza niliukalia ufunguo ule. Nilikuwa na bidii, hilo siwezi kujinyima. Jumamosi zangu ziliishia humo, nafuta vumbi, napiga mihuri. Nilipokwenda Dodoma kwa mambo yangu nikaingia maktaba ya mkoa, nikaomba nifundishwe namba za mgongoni mwa vitabu: sayansi 500, fasihi 800, historia na jiografia 900. Nikarudi nikazibandika kwa selotepu, kitabu kimoja kimoja. Wakaguzi walipokuja walikisifu chumba. Novemba nikafunga rejista na kuhesabu: mwaka mzima vimetoka vitabu 37, na 29 kati ya hivyo viliazimwa na walimu wenzangu. Shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia nne.

Kilichonifumbua macho ni kipande cha gazeti. Ilikuwa mapumziko ya saa nne, nyuma ya darasa la kidato cha pili. Kijana mmoja alikuwa amemaliza maandazi yake zamani, lakini karatasi iliyofungiwa maandazi bado iko mkononi, imelowa mafuta mpaka herufi za upande wa pili zinaonekana. Alikuwa anaisoma. Ilikuwa hadithi ya mfululizo, imechanwa katikati ya sentensi. Aliponiona akaificha nyuma ya mgongo, kisha akaona bora aulize: "Mwalimu, ile sehemu iliyobaki inaweza kupatikana?" Kijana huyo hakuwa na jina kwenye rejista yangu hata mara moja. Alikuwa anapita mlangoni kwangu kila siku, na mlango una kufuli.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema watoto wetu hawapendi kusoma, nachemka. Wanasoma karatasi za maandazi! Wanasoma kanga za mama zao, wanasoma maandishi ya nyuma ya malori. Sisi ndio tumewafungia, halafu tunawalaumu kwa kukaa nje.

Jambo la pili linawaudhi baadhi ya walimu wenzangu, lakini nitalisema. Mtoto amesoma kwa Kiswahili miaka saba. Januari anaingia kidato cha kwanza, anakuta karibu kila kitabu rafuni ni Kiingereza kigumu, vingine vimekuja kwa msaada vinaeleza mambo ya theluji na treni za chini ya ardhi. Anafungua kurasa mbili, anarudisha, harudi tena. Kaka yangu anafundisha shule ya msingi, na kwao kulikuwa na hadithi za Kiswahili zilizotokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ule ulioanza mwaka 1991. Nikamwomba aniazime boksi moja. Vitabu vyembamba, vina picha, vimeandikwa na watu wanaojua mtoto wa huku anacheka nini.

Kwenye kikao cha walimu nikaambiwa nawarudisha wanafunzi darasa la nne na kuwaharibia Kiingereza. Yupo aliyeniita "mwalimu wa hadithi", na wengine wakacheka. Iliniuma, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma. Lakini muhula ule ule, waliokuja kuniomba kamusi ya Kiingereza walikuwa ni hao hao waliomaliza boksi la kaka yangu. Mtu hujifunza kwanza kukaa na kitabu, kukifuata mpaka mwisho, kutaka kujua kinachofuata. Akishakuwa na tabia hiyo, lugha ya pili anaifuata mwenyewe.

Nakumbuka binti mmoja wa kidato cha kwanza. Alirudisha kitabu kimevalishwa jalada la gazeti, kinanuka moshi wa kuni, na katikati ya kurasa kuna ganda la alizeti. Nikaanza kumgombeza. Akasema, "Samahani mwalimu, ni bibi. Tunapukuchua alizeti jioni, mimi namsomea." Bibi hajui kusoma. Alikuwa amemtuma aulize kama yule mke mdogo wa kwenye hadithi alirudi kwao, maana kitabu kiliisha bila kusema. Nikakosa cha kumjibu, nikampa kingine apeleke. Tangu siku ile nikaacha kugombeza watoto kwa sababu ya vitabu vyenye madoa. Kitabu chenye madoa kimefanya kazi.

Sasa nikujibu ulichouliza, mdogo wangu. Fungua mlango. Usisubiri rafu mpya wala kompyuta. Fungua saa nne na fungua jioni kabla ya usafi, kila siku, hata kama anakuja mtoto mmoja. Chagua viranja wa maktaba, na usichague wale wa kwanza darasani peke yao. Chagua na mtundu mmoja, atawaleta wenzake. Omba dakika kumi mstarini siku ya Ijumaa, soma hadithi kwa sauti, na ukifika pale panaponoga funga kitabu, waambie kinapatikana chumba cha mwisho. Mimi mara ya kwanza kufanya hivyo nilikuta foleni mpaka kwenye mti wa kengele.

Na wewe mwenyewe usome, waone unasoma. Mwalimu wa maktaba asiyeonekana na kitabu ni mlinzi wa stoo. Ukipata nafasi ya kusomea ukutubi, chuo kipo Bagamoyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nenda, utarudi na mengi. Ila usiufunge mlango kwa kisingizio kwamba hujasomea. Ujuzi wa namba za mgongoni niliupata mapema, na haukuniletea hata msomaji mmoja. Mlango ndio ulioleta.

Tusidanganyane, kazi hii haina posho na haikupunguzii vipindi. Utaambiwa unapoteza muda wa mitihani. Maktaba itageuzwa chumba cha mtihani wa moko, vitabu vitarundikwa sakafuni na utavipanga upya peke yako. Panga upya, fungua tena.

Kuhusu mshahara, sitakuficha. Mwaka 2014 nilipohama, makabidhiano yalionyesha vitabu 19 havipo. Niliandikiwa barua ya kujieleza, kana kwamba nimeviuza. Mwaka huo huo rejista ilikuwa na maazimo zaidi ya 1,200, lakini hakuna aliyezifungua kurasa hizo. Waliangalia ukurasa wa upungufu tu. Nililipa vitabu vinne vya Fizikia kutoka mfukoni mwangu, vingine vikafutwa baada ya mvutano. Kwa hiyo andika kila kinachotoka, jina na tarehe, na kila mwisho wa mwezi mpelekee mkuu wako hesabu ya waliosoma kabla hajakuuliza ya vilivyopotea. Mimi sikufanya hivyo, na ndiyo sababu barua ile ilinikuta mikono mitupu.

Katika hivyo 19, kimoja najua kilipo. Mwaka jana nilipita kijiji kile kwenye msiba, bibi wa alizeti akanitambua. Alimwita mjukuu mwingine, wa darasa la tatu, akamwambia akilete kile cha mwalimu. Kilitoka chini ya godoro, nacho kimevalishwa gazeti, limekuwa kahawia. Nilipewa kiti, mtoto akasimama wima mbele yangu kama yuko darasani, akaanza kusoma ukurasa wa kwanza, na bibi alikuwa anamtangulia kwa maneno.