Barua kwa mwanangu aliye Leicester: kura na kelele za televisheni

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili. Unasema mwenzako kazini alikuonyesha habari ya maelfu ya Waingereza walioilalamikia televisheni kwamba imejaa watu weusi na mambo ya jinsia, akakwambia hivyo ndivyo wananchi wanavyopiga kura. Tangu hapo unawatazama majirani zako kwa jicho jingine. Hilo la majirani ndilo lililoniuma, nikakaa kulisoma jambo lenyewe.

Septemba 2020 kundi la wacheza dansi la Diversity lilicheza kwenye Britain's Got Talent, shindano la vipaji la televisheni, dansi iliyogusa kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Malalamiko zaidi ya 24,000 yalifika Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, naye akaona hakuna la kuchunguza. Mwaka uliofuata BAFTA, taasisi ya tuzo za filamu na televisheni, ilitoa tuzo moja inayoamuliwa na watazamaji wenyewe kwa kura. Ilichukuliwa na dansi ileile! Mwenzako hakukuonyesha hiyo.

Tena malalamiko hayatoki upande mmoja. Machi 2021 mtangazaji Piers Morgan alisema hewani kwamba hamwamini Meghan, mke wa Prince Harry, na Ofcom ikapokea zaidi ya 57,000. Mwezi uliofuata akafariki Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, BBC ikaondoa vipindi vya kawaida ili kumwomboleza, na malalamiko yakakaribia 110,000. BBC ilikuwa imeweka hadi fomu maalumu ya kulalamikia jambo hilo, kwa hiyo ilikuwa kazi ya dakika moja. Ungeyahesabu hayo kama kura, ungesema Waingereza wameuchoka ufalme, ilhali walio wengi bado wanautaka.

Unakumbuka nilivyokuwa karani wa kituo cha kupigia kura hapa Tanga. Mzee mmoja alikuwa akigombana barazani mwezi mzima, mtaa wote ukadhani anasema kwa niaba yetu. Siku ya kura alipewa karatasi moja. Nyuma yake kwenye foleni alisimama bibi ambaye hatukuwahi kusikia neno lake, naye akapewa moja.

Sasa tazama sanduku la kura la huko. Wahafidhina, chama kilichokuwa kikitawala, walikuwa wamevipigia debe sana vita hivi vya utamaduni, yaani ugomvi wa rangi na jinsia, lakini Julai 2024 walibaki na viti 121 bungeni. Wapinzani wao, chama cha Labour, walipata viti 411 kwa asilimia 33.7 tu ya kura. Watu walikuwa wanazungumzia bei za vyakula, kodi za nyumba na foleni za hospitali za umma, NHS.

Lakini sitakudanganya kwa kukufariji. Chama cha Nigel Farage, Reform UK, kilipata kura zaidi ya milioni 4, na ajenda yake kubwa ilikuwa uhamiaji. Hizo si kelele, ni kura, na zinakuhusu wewe moja kwa moja. Aliyekerwa na sura kama yako kwenye tangazo la Krismasi huenda yumo humo. Yumo pia aliyekosa miadi ya daktari kwa wiki kadhaa, na ambaye mji wake umebaki na maduka yaliyofungwa. Kioo cha televisheni hakiwezi kukueleza nani ni nani kati yao. Jirani yako mwenyewe anaweza, ukimwamkia na kuzungumza naye. Na kumbuka wanne katika kila kumi ya walioandikishwa hawakupiga kura kabisa.

Jambo ambalo hukuniuliza: wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na una kibali cha kuishi huko, kwa hiyo unaruhusiwa kupiga kura, ya udiwani na hata ya ubunge. Jiandikishe wiki hii. Kituoni watakutaka kitambulisho chenye picha, na pasipoti yako ya Tanzania inakubalika. Hata kama imeisha muda hawaikatai, mradi picha bado inafanana nawe. Uliichukua mwaka ule bibi yako alipolazwa.

Mama yako.