Mzigo wa bidhaa za tairi ukizuiwa mpakani, anza na karatasi

Natengeneza katambuga hapa Arusha, yale malapa ya tairi kuukuu ambayo wafugaji wanayapenda kwa sababu mwiba haupiti. Mwaka jana viroba vyangu vyenye jozi 400 vilizuiwa kwenye mpaka wa nchi jirani, ndani ya Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki. Niliambiwa kwa mdomo kwamba ni "mpira chakavu" na kwamba hauruhusiwi kuingia.

Siku kumi na moja za mwanzo zilipotea bure. Nilibishana dirishani, nikapiga simu kwa kila anayejuana na mtu, nikamlipa dalali aliyeahidi "kuongea na wakubwa". Ushuru wa ghala ukawa unapanda kila siku. Aliyenitoa gizani ni mama mmoja wakala wa forodha, mtu mzima, aliyeniuliza swali moja: "Mwanangu, wamekuandikia?" Hawakuwa wameniandikia. Akaniambia nirudi nikaombe uamuzi kwa maandishi, wenye tarehe na namba ya HS, yaani namba ya kimataifa ya kupanga aina za bidhaa, waliyoiweka kwenye mzigo wangu. Ndugu yangu unayesoma hapa, kama utachukua kitu kimoja kwangu, chukua hicho. Neno la dirishani huwezi kulikatia rufaa.

Karatasi ilipotoka nikaelewa ugomvi ulikuwa wapi. Katika forodha, mpira chakavu uko kwenye namba 4004. Tairi lililotumika au lililovishwa gamba jipya ni 4012. Nguo na viatu vilivyokwisha kuvaliwa, yaani mitumba, ni 6309. Viatu vipya viko sura ya 64. Mzigo ni uleule, lakini ukiusogeza namba moja unakuwa bidhaa halali, na ukiusogeza nyingine unakuwa taka. Mimi nilikuwa nalia kuhusu haki wakati kilichotakiwa ni kuthibitisha kwamba hiki ni kiatu kipya.

Basi nilichukua jozi moja nikaikata katikati mbele ya afisa, na mama yule akapiga picha. Chini kuna gamba la tairi na michirizi yake. Upande wa juu nyuzi zimekwanguliwa zikawa laini. Misumari inang'aa, na mikanda haina hata alama ya kidole. Kiatu kilichovaliwa hubaki na kivuli cha kisigino kwenye wayo, hata ukikisugua kwa sabuni. Hivi havikuwa nacho. Picha hizo na nusu ya kiatu vilikwenda pamoja na barua yangu ya kuomba uamuzi upitiwe upya.

Likaja swali la pili ambalo sikulitegemea: tairi lenyewe limetengenezwa Asia, sasa uasili wa Tanzania, yaani kuhesabiwa kuwa bidhaa ya Tanzania, unatoka wapi? Kanuni za uasili wa bidhaa za Jumuiya zinatambua kuwa bidhaa za hapa vitu vilivyotumika ambavyo vimekusanywa ndani ya nchi wanachama na havifai tena ila kutolewa malighafi. Kwa hiyo risiti za gereji ninakonunua matairi, ambazo nusu yake nilikuwa nimezitupa, zikageuka kuwa ushahidi. Zitunze risiti hizo kama unavyotunza hati ya kiwanja.

Tarehe nazo zihesabu kwa vidole. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004, kifungu cha 229, inakupa siku 30 tangu uamuzi utolewe kumwomba Kamishna wa Forodha aupitie upya. Naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi na sababu zake. Akikaa kimya, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Usiporidhika una siku 45 za kwenda kwenye chombo cha rufani za kodi cha nchi hiyo. Na ikiwa sheria yenyewe ya nchi ndiyo inayovunja Mkataba wa Jumuiya, Mahakama ya Afrika Mashariki iko hapahapa Arusha na mtu binafsi anaruhusiwa kufungua shauri. Ila ni ndani ya miezi miwili, na hapo hawana msamaha.

Hoja iliyonisaidia zaidi niliipata kwenye kesi ya mbali kabisa. Brazil ilizuia matairi yaliyovishwa upya yasiingie, na mwaka 2005 Jumuiya ya Ulaya ikaishtaki katika Shirika la Biashara Duniani. Brazil ilisema matairi yaliyotupwa hushika maji, mbu wa dengue wakazaliana humo, na yakiwaka moto moshi wake ni sumu. Desemba 2007 chombo cha rufani cha shirika hilo kilikubali kwamba kuzuia kwa ajili ya afya ni halali. Na mimi nakubali, kwani mvua za Aprili nikiacha matairi uani bila kuyafunika, viluwiluwi vinajaa. Lakini Brazil ilishindwa kwa jambo lingine: iliwaruhusu jirani zake wa MERCOSUR, jumuiya ya kibiashara ya Amerika Kusini, kuingiza matairi hayohayo, na mahakama zake zilikuwa zinaruhusu matairi yaliyotumika kuingia kwa maelfu. Kinga ya afya haiwezi kuwabagua wauzaji.

Kwa hiyo nilivuka mpaka, nikanunua katambuga sokoni kwao, zimetengenezwa kwao kwa matairi kuukuu, nikaambatanisha na risiti. Niliuliza swali moja tu kwenye barua: kwa nini hizi ni viatu na zangu ni taka?

Wafanyabiashara wa mitumba wa soko la Kilombero hapa Arusha na la Memorial kule Moshi wataniuliza mbona mwaka 2017 nchi yetu haikuwa na mahakama ya kukimbilia, Marekani ilipotishia kutuondoa AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, kwa sababu tulipandisha ushuru wa mitumba. Ni kweli. AGOA ni upendeleo wa sheria ya Marekani yenyewe, na aliyeutoa anaweza kuuondoa, kama Rwanda ilivyopoteza nafuu ya mavazi mwaka 2018. Ndani ya Jumuiya tumeandikiana mkataba, ndiyo maana nakusihi uutumie.

Jibu lilikuja siku ya 23 tangu nipeleke barua: sura ya 64, mzigo uachiwe. Mnunuzi wangu alikuwa ameshachukua kwa mtu mwingine, na jozi zaidi ya mia niliuza kwa hasara. Siku hizi kila kiroba kinaondoka na bahasha yake, ndani mna risiti za gereji, cheti cha uasili na nusu ya kiatu kilichokatwa.