Mbegu bado imo mguuni

SWALI: Shkamoo dokta. Nakaa Pongwe, Tanga. Mbwa wangu Chui wiki ya pili hii analamba mguu wa mbele usiku kucha, mwanzo nikajua siafu, kumbe katikati ya vidole pana kiuvimbe kinatoa usaha. Kuna mtu akamchoma antibayotiki kikanywea, saivi kimerudi palepale. Anashinda kwenye majani marefu pembeni ya mkonge. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Uvimbe unaonywea halafu unarudi palepale, mimi nashuku mbegu ya majani bado imo, na kama ndo hivyo utachoma sindano mpaka uchoke, dawa inatuliza usaha ila mbegu inabaki. Jua hili la kaskazi limeshakausha majani, na hizo mbegu zina ncha kali na vinywele vinavyoelekea nyuma, ikiingia hairudi, kila hatua anayopiga mbwa inazidi kuzama. Tafuta moja yenye mkia uliojisokota, iweke kiganjani uidondoshee tone la maji, utauona mkia unajizungusha wenyewe taratibu, ndo inavyojichimbia hivyo.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo umwambie kabisa kwamba anashinda majanini, maana eksirei mara nyingi haiioni. Atalazwa usingizi, pafunguliwe, itafutwe. Usimminye wala usimchokonoe na pini, nakuomba sana, itakatikia humo humo.

Siku ukikuta mkia wa mbegu bado uko nje, ivute kwa kibano polepole, hakikisha imetoka nzima. Sikio na jicho usiguse! Akianza ghafla kutikisa kichwa au kukiinamisha upande mmoja, au jicho kalifumba linachuruzika machozi, ni kwa daktari siku hiyohiyo, jicho halisubiri kesho. Na mambo ya kumwagia mafuta ya nazi sikioni hapana jamani. Paka nao vilevile.

Kila jioni akirudi mkalishe kibarazani umpapase vidole, kwapa, masikio, chini ya mkia, nywele za vidoleni zipunguze kwa mkasi wenye ncha butu. Majani ya uani fyekeni kabla hayajatoa masuke, mkichelewa yakakauka basi mkishafyeka piteni na reki mkusanye yote, maana mbegu zinabaki chini zinamsubiri.