Watoro Wasifike Mbali: Ushauri kwa Atengenezaye Filamu ya Vichekesho kwa Fedha Kidogo

Kwa yeyote aliye Kisumu na anayetaka kutengeneza filamu ya kuchekesha kuhusu vijana wanaojiona hawana pao, wakaamua kutoroka nyumbani, ushauri wangu wa kwanza ni kwamba watoro hao wasifike mbali. Hadithi ya safari humaliza fedha kwa nauli, malazi na chakula cha kikosi kizima. Katika filamu yetu fupi tuliwapa watoro nia ya kwenda Mombasa na nauli ya kuwafikisha ufuo wa Dunga, papo hapo Kisumu, tu. Mandhari yote tuliyohitaji yalipatikana kati ya soko la Kibuye na ufuo huo, mwendo wa tuktuk, na kichekesho kilizaliwa papo hapo: vijana wakijadili ramani ya nchi kama majemadari, ilhali shangazi wa mmoja wao anauza omena hatua chache kutoka walikojificha.

Mtoro na auamini mpango wake kwa dhati. Niliwasihi waigizaji wasijaribu kuchekesha hata kidogo, kwa sababu mtazamaji hucheka anapomwona kijana aliyeapa kuachana na shule milele akiwa amebeba pasi ili sare yake isikunjamane. Pasi hiyo tuliiazima kwa jirani, na ilifanya kazi kuliko ukurasa mzima wa mazungumzo. Iweke kamera mbali kiasi, vijana wote waonekane kwa pamoja, kisha uwaache wanyamaze. Picha moja ndefu ya namna hiyo huokoa muda wa kupiga na wa kuhariri, na inaonyesha jinsi wasivyolingana.

Kisumu iko karibu kabisa na Ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa utosini na kutia kivuli machoni. Sisi tulipiga picha za nje asubuhi, saa za joto tukafanya mazoezi kivulini, na tukajihadhari na mvua za radi ambazo ziwa hutuletea alasiri.

Jambo nisilokubali lipuuzwe ni usalama wa waigizaji wenyewe. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo pata idhini ya mzazi kwa maandishi, panga kazi wakati wa likizo ya Agosti, na mwalike mzazi mmoja akae nanyi kutwa. Filamu ya kuonyeshwa hadharani inahitaji pia leseni chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, yaani Sura ya 222 ya Sheria za Kenya, pamoja na kuainishwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu. Tenga fedha za ada hizo kabla ya kukodi kamera. Tukio la kutoroka usiku, ambalo kila mwandishi hulitamani, lipigwe jioni karibu na nyumbani kwa mwigizaji, kisha kila mtoto arudishwe mlangoni kwao na mtu mzima anayemfahamu.