Sio kila kinachopata nguvu "kimeimarishwa"

Mwezi huu maswali matano yamezunguka neno moja la Kiingereza, strengthen, kwaiyo nimeyaweka yote ukurasa mmoja.

Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha tatu, Kongwa. Kwenye insha niliandika "exercise strongs the body" nikakosa, nikarekebisha nikaweka "strongens" nikakosa tena. Mbona weak inakuwa weaken, kwanini strong isiwe strongen?

Marahaba mwanangu. Swali lako lina akili sana, wala usione aibu, maana umefuata kanuni kabisa ni vile tu kanuni yenyewe ina njia mbili. Njia ya kwanza unachukua sifa unabandika -en mwishoni, weak weaken, hard harden, short shorten. Njia ya pili inapitia kwanza kwenye nomino, yani long inazaa length alafu length ndo inazaa lengthen, high inazaa height inazaa heighten, na strong inazaa strength, strength ndo inazaa strengthen. We shika tu kwamba strong na long wanatembea pamoja: long, length, lengthen, strong, strength, strengthen. Sema kwa sauti mara kadhaa ukiwa njiani kwenda shule, haitoki tena.

Alafu angalia tahajia, t inatangulia h. Watu wengi wanaandika "strenghten", nimeiona mpaka kwenye barua za maombi ya kazi za watu waliomaliza chuo, na inauma kwasababu barua yenyewe unakuta nzuri. Na strength peke yake sio kitenzi, usiandike "milk strength bones", ni "milk strengthens bones".

Mwalimu habari za kazi. Mi fundi ujenzi, nipo Ihumwa. Kwenye mchoro imeandikwa reinforced, ila juzi injinia alipoona ukuta umepasuka akasema "strengthen". Ni kitu kimoja?

Nzuri fundi, poleni na jua. Ni ndugu ila sio kitu kimoja. Strengthen inakwambia tu kitu kiwe na nguvu kuliko mwanzo, haikwambii kwa njia gani. Reinforce inakwambia umekiongezea kitu kingine cha kukisaidia, ndo maana hata jeshini wakipeleka askari wa kuongeza nguvu wanatumia hilo hilo. Na zege we unaijua kuliko mimi, ukiikandamiza inavumilia mno lakini ukiivuta au ikipinda inapasuka mapema, kwaiyo mnalaza nondo ili nondo ndo ibebe ule mvuto, hiyo sasa ndo reinforced. Kwenye ule ukuta injinia kasema strengthen kwasababu bado njia hajaitaja, inaweza ikawa nguzo, inaweza ikawa plasta yenye wavu, mtamsikiliza.

Ila kuna kitu kingine nataka nikuongezee maana nimekiona kwa macho. Mwezi wa tisa mwaka jana nilisimama kwenye saiti moja hapa hapa Dodoma, saa saba mchana, upepo unabeba vumbi mpaka mdomoni, kijana anamwagia maji jamvi lililomwagwa jana yake na juu katandaza magunia yamelowa chepechepe. Nikamuuliza mbona unamwagia na limeshakauka? Akanambia, "Halijakauka mwalimu, linakomaa. Likikauka mapema linaharibika." Na yuko sahihi kabisa, saruji inashika kwa kukutana na maji na sio kwa kukauka, ndo maana wataalamu wanapima nguvu ya zege siku ya 7 na siku ya 28. Kwa Kiingereza pale huwezi kusema reinforce, watasema concrete inaharden au inagain strength. Kwa Kiswahili yule kijana alishanipa neno, kukomaa, neno lile lile tunalolitumia kwa mahindi na kwa mtoto wa kiume aliyeanza kuvunja sauti. Mi nimefundisha lugha miaka na nisingelipata pale, ningeandika "zege inaimarika" nikapita.

Mwalimu, nafanya kazi ofisi moja pale Mtumba, natafsiri taarifa. Bosi kanirudishia ya mwisho, ukurasa mmoja una "kuimarisha" mara kumi na moja. Nifanyeje na Kiingereza chenyewe kinasema strengthen kila mstari?

Pole dada, na bosi wako yupo sawa, ingawa najua presha ya kazi za saa kumi jioni. Neno imara limetoka Kiarabu kwenye ukoo wa mambo ya kujenga, na mpaka leo linakaa vizuri kwa vitu vinavyosimama, misingi, ulinzi, taasisi, miundombinu. Hivyo viache. Shida inakuja ukilibeba kila mahali. Kabla hujaandika jiulize ni nini kinachopata nguvu na kinaipataje. Ushirikiano unakuzwa, au unadumishwa kama ulishakuwepo. Hoja inatiliwa nguvu. Ujuzi unanolewa. Misuli inajengwa, kamba inakazwa, chai inakolezwa, mgonjwa anarudisha nguvu, upepo unashika kasi, na ukizidi pale mwezi wa nane tunasema umechachamaa. Hayo yote Mwingereza anaweza kuyaandikia strengthen au neno la jirani yake, we huna haja ya kumfuata kwa neno moja.

Na yeye pia ana majirani wengi, kwaiyo soma vizuri ulichopewa. Akiandika consolidate anamaanisha kukusanya na kukaza kilichokuwepo tayari, mtu kashinda uchaguzi sasa anajikita. Akiandika bolster fikiria mto ule mrefu wa kitandani, ndo bolster yenyewe, kwaiyo kubolster hoja ni kuiegemeza isilale. Intensify ni kuongeza ukali au kasi, mapigano, mvua, kampeni, na hapo ukiweka kuimarisha unapotosha kabisa, eti "mapigano yameimarishwa", msomaji ataelewa nini?

Kingine nimekiona kwenye kipande ulichonitumia. Umeandika "mahusiano yameimarisha". Strengthen kwa Kiingereza inaenda pande zote mbili bila kubadilika, unaweza kustrengthen ukuta na upepo wenyewe ukastrengthen. Kiswahili hakikuruhusu hivyo, aliyefanya kaimarisha, kilichopata nguvu chenyewe kimeimarika. Mahusiano yameimarika. Pitia taarifa nzima kwa jicho hilo, nakuhakikishia utakuta zingine.

Nauza nguo soko la Majengo. Redioni wanasema shilingi imeimarika dhidi ya dola, mbona mi naona namba inashuka?

Ndo maana yake hiyo. Tuseme jana dola moja ulinunua kwa shilingi 2,700 na leo unainunua kwa 2,500, shilingi chache zinatosha kuipata dola ile ile, kwaiyo shilingi yako ina nguvu zaidi. Kiingereza wanasema "the shilling strengthened". Kwako wewe unayeagiza mzigo nje ni habari njema.

Mwalimu hujambo. Mjukuu wangu amenisomea mfuko wa unga umeandikwa fortified, nikadhani ni unga wa wagonjwa wa kuwatia nguvu nikauacha dukani. Ni unga gani huo? Bibi wa Mpwapwa.

Sijambo bibi, shikamoo. Huo unga ni wa watu wote, ule bila wasiwasi. Fortify imetoka kwenye neno la Kilatini fortis, maana yake mwenye nguvu, na ndo humo humo ilimotoka fort, yani ngome, zamani kufortify mji ni kuuzungushia ukuta adui asiingie. Kwenye chakula maana yake wamekiongezea virutubisho ambavyo havikuwemo au vilipungua mashineni. Hapa kwetu kwenye unga wanaweka madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, mafuta ya kula yanawekewa vitamini A. Kwa Kiswahili mfuko ungeandikwa tu "unga ulioongezwa virutubisho", na mingine imeandikwa hivyo, kwaiyo bibi mwambie mjukuu augeuze mfuko asome na upande wa pili. Sembe inayokobolewa sana ndo inapoteza zaidi, yule wa dona unabaki na vyake vingi. Mama mjamzito hapo nyumbani kama yupo, ule wenye asidi ya foliki na chuma unamfaa sana.